Kiwanja Namba Saba

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na imekuja vibaya: dakika kumi za mawe madogo juu ya bati, kisha jua kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Kapiteni Télesphore alisimama mlangoni mwa ofisi akitazama, akasema maneno yake ya kila Septemba, kwamba kuanzia leo ardhi inaanza kudanganya. Kisha akanipa daftari hili. Anataka niandike mpaka mvua iishe, kwa sababu mwaka jana nilisahau ni lini kiwanja cha Ngungu kiligeuka tope, na nusura atue hapo.

Haya, naandika. Mimi ni Charline Masika, mzaliwa wa Butembo, mwaka wa sita katika kampuni yenye ndege moja. Kazi yangu ni kuchora njia. Ndege yetu ina injini moja tu, na Kapiteni ana sharti ambalo halijadiliwi: popote atakapokuwa angani, injini ikizimika, lazima pawe na mahali anapoweza kuitelezesha ndege mpaka chini bila kuua watu. Mahali hapo natafuta mimi. Malisho, barabara iliyonyooka, uwanja wa shule uliosahauliwa. Leo nina viwanja kumi na tisa kati ya hapa na Walikale, na kila kimoja kina mtu wake mwenye simu.

Kila Jumatatu nawapigia wote na kuwauliza maswali sita, yaleyale. Je, kuna nyumba? Mahema? Ng'ombe? Mazao? Maji? Askari? Wakijibu hapana mara sita, kiwanja kinaingia kwenye kadi ya rubani. Kadi ina safu ya mwisho inayoitwa Imeonekana. Hapo naandika tarehe niliyokwenda mimi mwenyewe na kukitembea kwa miguu. Sharti hilo pia ni la Kapiteni: vile vilivyo karibu na mji, mara moja kila mwezi, kuanzia Oktoba mpaka mvua iishe.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua. Ndege imekwenda na kurudi.

Jumatatu, 9 Septemba

Harelimana, mchungaji wa ng'ombe anayetulindia namba 12 kule Masisi, hapatikani. Wiki ya tatu sasa. Nimepiga mara tano, kila mara sauti ya yule mwanamke wa mtandao. Nimekifuta. Kufuta kiwanja ni mstari mmoja wa kalamu nyekundu katika daftari la viwanja, lakini leo mkono ulikuwa mzito, maana Harelimana alikuwa akiniuliza habari za mama yangu kabla sijamuuliza habari za nyasi.

Mama Mukamazimpaka wa namba 7 yeye anapatikana sana. Ukimpigia kwa dakika mbili unatoka baada ya ishirini. Namba 7 iko nyuma ya Lac Vert, ziwa dogo lililo ndani ya kilima; ni ulimi wa udongo mweusi ambao volkano iliuruka, mita mia sita na ishirini, mawe ya lava pande zote mbili. Zamani alikuwa akichungia hapo ng'ombe wake, nasi tulimpelekea chumvi yao ili asiache mtu yeyote ajenge. Ng'ombe wameisha, vita vimewala. Chumvi bado tunampelekea, naye bado analinda. Nakiri ananichosha.

Jumatatu, 16 Septemba

Patron Kambere, mwenye ndege, amelalamika kwamba Kapiteni ni mwoga. Ijumaa alikataa kuruka kwa sababu kadi ilikuwa na pengo la dakika sita bila kiwanja. Abiria walirudi nyumbani na mizigo yao. Nami nilimkasirikia Kapiteni, kwa kweli, kwa kuwa ni mimi niliyewaeleza abiria. Yeye alikuwa ameketi anakunywa chai yake, anasoma ramani kama mtu anayesoma barua.

Jumatatu, 23 Septemba

Vimebaki kumi na sita.

Jumatatu, 30 Septemba

Watu wanaendelea kuingia kutoka Sake na milima ya juu. Namba 5, upande wa Mugunga, imejaa turubai nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeifuta.

Nilimpigia Mama Mukamazimpaka mara moja. Akajibu hapana mara sita. Hapo hapo akajisifu kidogo: aliwapanga watu wa kambi mpya nje ya udongo, juu ya mawe, akawaambia ndege inaweza kuanguka hapo saa yoyote. "Mutoto wangu, batu wote banajua hapa ni pa ndege," akasema. Nilicheka, nikamwahidi chumvi. Sikumuuliza chumvi anaifanyia nini sasa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua tangu Ijumaa. Barabara ya Sake imekatika mara mbili, na vizuizi vya askari vimeongezeka. Mwisho wa Julai nilisimamishwa kwenye kimojawapo kwa saa mbili, kijana mwenye bunduki akigeuzageuza ramani zangu na kuniuliza nawachorea nani. Tangu siku hiyo sijakwenda namba 7. Naandika hapa kwa sababu sijaandika popote pengine.

Leo Mama Mukamazimpaka alikuwa na sauti ya chini. Nilipofika swali la nne alinikata. "Batoto bako nakufa huku, mama. Ni surua. Jana bawili, leo asubuhi moja." Nikasema pole sana, Mungu awatie nguvu. Nikangoja kidogo ili isionekane nina haraka. Kisha nikauliza kama kuna maji kiwanjani. Akasema hapana, maji hakuna.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kapiteni amekuja na kadi mkononi, kidole chake juu ya safu ya mwisho, mstari wa namba 7. Nilikuwa nimeandika 12 Oktoba. Niliandika asubuhi, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule wa siku zote, kwa sababu bila tarehe hiyo kadi haikamiliki na Patron alikuwa amesimama nyuma yangu akisema simu inatosha, huyo mama ana macho.

"Umeiona na macho yako?" Kapiteni akaniuliza.

"Ndiyo, Kapiteni."

Akashukuru, akakunja kadi, akaiweka katika mfuko wa shati. Hakuniuliza tena. Ni mtu anayemuuliza fundi kuhusu kila skrubu, anapanda juu ya bawa na tochi mchana kweupe, lakini mimi aliniuliza mara moja tu. Naona aibu kali, na ndiyo sababu nitakwenda wiki hii.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijaenda. Mvua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Viwanja kumi na kimoja. Nimechora upya njia ya kurudi, maana njia ya juu ya Masisi haipitiki tena, kule wanakifyatulia risasi kila kinachoruka. Sasa ndege inazunguka kusini, inatokea juu ya ghuba ya ziwa upande wa Minova, kisha inafuata ufuko mpaka hapa. Kutoka ghuba ile hadi uwanja wa ndege, kiwanja ni kimoja tu: namba 7. Nikikifuta, kuna pengo la dakika nane na Kapiteni hatawasha injini. Na tangu barabara ife, ndege yetu ndiyo inayopeleka dawa Walikale na kurudi na wagonjwa.

Kapiteni alinieleza tena habari ya maji, ingawa naijua. Ndege yetu haikunji magurudumu. Ikigusa ziwa, magurudumu yanashika maji na inapinduka. Lakini ufukweni, alisema, mahali penye mitumbwi, mtu bado ana nafasi, kama amewaambia abiria wafungue milango mapema. Kwa hiyo akiwa juu ya ghuba ana mambo mawili ya kuchagua: namba 7, au maji ya kando ya Minova. "Nitachagua udongo siku zote," akasema, "mradi udongo uko."

Jumatatu, 4 Novemba

Hapana sita kutoka namba 7. Mama Mukamazimpaka hasemi sana siku hizi. Zamani ningefurahi.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeandika tarehe 9 Novemba katika safu ya Imeonekana. Mara ya pili haiumi kama ya kwanza, na hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe. Nitaenda Jumamosi.

Jumamosi, 16 Novemba

Mizinga tangu alfajiri upande wa Sake. Sikwenda. Nimefua.

Jumanne, 19 Novemba

Nitaiandika kwa mpangilio, kama Kapiteni anavyotaka.

Saa nane na robo mchana ndege ilitoka Walikale na abiria watano, wawili wao majeruhi. Rubani Télesphore, na Cédrick, fundi wetu, kwenye kiti cha kulia. Mawingu juu ya milima, ziwa liko wazi. Saa tisa kasoro dakika nne redio yetu iliita. Nilikuwa peke yangu ofisini, nakula muhogo wa kuchemsha.

"Masika, injini imekufa. Niko juu ya ghuba, futi elfu tisa. Naona saba, naona na mitumbwi ya Minova. Saba iko wazi?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaagiza chai. Nilibonyeza kitufe. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na mdomo ulikuwa wazi, na nilikuwa na neno lenyewe tayari: sijaiona. Ni neno moja. Nilifikiri, Mama Mukamazimpaka amesema hapana sita jana tu. Nilifikiri, nikimwambia sasa atajua. Naapa nilifikiri hilo, mtu akiwa hewani bila injini, nilifikiri kwamba atajua nimemdanganya.

"Iko wazi, Kapiteni."

"Asante. Nakata kwenda saba."

Kisha nikamsikia akimwambia Cédrick asome orodha, na Cédrick akisoma. Kisha kilima cha Lac Vert kikaingia kati yetu na redio ikawa mvumo tu. Niliketi nikiangalia saa ya ukutani. Kila futi elfu inampa maili mbili, nilijua hesabu, atafika. Nilihesabu mpaka muda wa kufika ukapita, nikahesabu tena tangu mwanzo, labda nimekosea.

Simu iliyoita kwanza ilikuwa ya Mama Mukamazimpaka. Hakusalimia. Aliniita tu nije: "Kuya."

Jumatano, 20 Novemba

Kapiteni Télesphore amekufa. Wengine wote wako hai, wamevunjika hapa na pale.

Jana kizuizini hakuna aliyenisimamisha. Niliwaambia ndege imeanguka wakafungua kamba. Miezi minne nilikiogopa kizuizi kile.

Nimemwona Cédrick leo hospitalini, mguu umening'inizwa. Nilimwomba aniambie yote. Walikuja vizuri, alisema, urefu unatosha, upepo mdogo wa mbele. Waliona udongo mweusi, ukawa mkubwa, na walipokuwa chini kabisa wakaona kwamba hauko sawa. Una matuta. Mistari ya matuta madogo na vijiti juu yake. Kapiteni akavuta pua ya ndege apite juu ya mistari ya kwanza, maana mbele palionekana peupe. Hapo peupe palikuwa na watu wamesimama, labda arobaini. Hawakukimbia. Walikuwa wameshika jeneza dogo, na mtu aliyeshika jeneza hakimbii.

"Alisema kidogo tu," Cédrick akaniambia. "Alisema: kuko batu. Kisha akakanyaga kushoto, ndege ikageuka."

Kushoto ni lava. Upande wa kushoto ndiko rubani anakoketi.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimerudi namba 7. Ndege imelala juu ya mawe, bawa moja limeelekea juu. Watu wa kambi wameizungushia kamba ya katani, na hakuna aliyechukua hata kiti.

Mama Mukamazimpaka ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Tuliketi juu ya jiwe. Nilitaka kumkasirikia. Nilikuja nimejiandaa njia nzima, nikamwambia kwa ukali kwamba kila Jumatatu alinijibu hapana.

"Uliniuliza nyumba, nikakuambia hapana," akasema. "Uliniuliza ngombe, hapana. Makaburi haukuniuliza." Akaonyesha kwa mkono mawe yaliyotuzunguka. "Huku kote ni mawe. Jembe haliingie. Hapa tu ndipo linaingia. Batoto betu tungebaweka wapi? Na mimi niliogopa kukuambia. Nilisema, bale ba ndege batatufukuza na makaburi yetu."

Tarehe 7 Oktoba aliniambia watoto watatu wamefariki, nami nikamuuliza maji. Mtu yeyote wa mji huu aliyewahi kuzika anajua shida ya kuchimba kaburi katika lava. Baba yangu mdogo tulimzika Munigi, wanaume wanne, siku nzima, kwa nyundo na patasi. Nilijua. Kama ningekwenda mara moja tu, ningesimama penye jiwe hili na ningeona.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimewapigia wote kumi, kwa mazoea. Hakuna ndege.

Ijumaa, 29 Novemba

Wakaguzi watakuja wiki ijayo. Patron Kambere ameniita, akafunga mlango, akanipa kiti, jambo ambalo hajawahi kufanya. Anasema kwa upole. Kampuni ina watu kumi na wanne na familia zao. Kapiteni amekwisha kwenda, hakuna kitakachomuumiza. Anachoomba ni mstari mmoja wa kalamu nyekundu katika daftari la viwanja juu ya namba 7, wenye tarehe ya Oktoba. Basi itaonekana kwamba kiwanja kilifutwa na rubani akaamua mwenyewe kukiendea. Nami pia nitakuwa salama, akasema.

Kadi iliyokuwa mfukoni mwa Kapiteni haisomeki. Nakala yake ya kaboni iko kwangu, na Patron hajui. Nilimwambia nitafikiri. Ndiyo, nilisema hivyo. Na nimekuwa nikifikiri kweli, usidhani mimi ni mtakatifu. Mstari mmoja ni kitu kidogo, nami nina mazoea ya kuandika tarehe za uongo.

Jumatatu, 2 Desemba

Laurence, mjane wa Kapiteni, amekuja ofisini kuchukua vitu vyake. Ni mwanamke wa Bukavu, mrefu, kitenge cheusi. Mjini tayari wanasema mume wake alikosea, naye amesikia. Alikusanya kikombe, miwani, koti la mvua. Kisha akauliza kama mimi ndiye Masika wa kadi.

"Kila asubuhi alikuwa anasoma kadi yako mbele ya chai," akasema. "Namba zingine zote, za mafuta, za mizigo, alikuwa anazirudilia. Yako hapana. Alisema ya Masika inatosha kusoma mara moja."

Niliinuka nikafunga mlango, ule ule alioufunga Patron. Nikatoa nakala ya kaboni, nikaweka kidole changu mahali alipoweka cha kwake mume wake. Nikamwambia: tarehe hii ni ya uongo. Sikwenda. Aliniuliza kama nimeiona, nikasema ndiyo. Aliniuliza tena akiwa hewani, na alikuwa na ziwa la kuchagua, nikasema iko wazi.

Aliivuta kadi karibu, akaisoma tarehe. Nilingoja anipige, na nilitaka anipige. Mvua ilianza, ikapiga bati, ikaacha.

"Basi hakukosea," akasema.

"Hakukosea hata mahali pamoja."

Akakunja kitenge chake magotini, polepole. "Sitakusamehe leo," akasema. "Sijui kama nitaweza. Lakini ile karatasi utaipeana?"

Nikasema nitaipeana.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimewapa wakaguzi nakala mbili za kadi, ya Oktoba na ya Novemba, na daftari la viwanja bila mstari mwekundu. Nimetia saini maelezo kurasa tatu. Patron Kambere hakunitazama. Sina kazi tena, na huenda nikaitwa mahakamani. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza, kisha nikaamka na kujionea haya kwa kulala.

Jumamosi, 7 Desemba

Laurence alitaka kupaona. Tulikwenda pamoja kwa pikipiki mbili, kizuizini nikaonyesha kitambulisho, tukapita. Mama Mukamazimpaka alitupokea kwa mikono miwili, hakujua amshike nani kwanza. Alitupeleka kwa mama wa yule mtoto waliyekuwa wakimzika siku ile, binti wa miaka mitatu, jina lake Nishimwe. Yule mama alipiga magoti mbele ya Laurence. Laurence akamwinua, wakakaa chini wote wawili juu ya udongo, hawakuwa na lugha nyingi ya pamoja. Nilisikia tu Laurence akimuuliza mutoto alikuwa anapenda kula nini.

Niliwaacha. Nilianza kutoka mwisho wa kaskazini, nikakitembea kiwanja kwa miguu kama inavyotakiwa, nikihesabu hatua na kuandika. Hakuna wa kumpa kadi hii. Naiandika hapa.

Namba 7, nyuma ya Lac Vert. Urefu mita mia sita na ishirini. Nyumba, hapana. Mahema, hapana. Ng'ombe, hapana. Mazao, hapana. Maji, hapana. Askari, hapana. Makaburi themanini na tisa, mengi yana urefu wa hatua moja. Hakifai.

Imeonekana: 7 Desemba.